Uliza Kwanza, Ndiyo Ushike

Leo najisema mwenyewe. Juzi Kariakoo, Mtaa wa Msimbazi, nilimwona kaka mmoja asiyeona kasimama kando ya barabara na fimbo yake nyeupe. Mimi na kiherehere changu nikamdaka mkono, nikamvusha mbio mbio. Tulipofika ng'ambo nikasubiri asante.

"Ndugu yangu, nani kakwambia navuka? Namsubiri mdogo wangu pale, sasa atanipata wapi? Na fimbo umeinyanyua, ningetumbukia mtaroni je?"

Nilinywea! Ikabidi turudi. Safari hii yeye ndiye akanishika kiwiko, mimi nikatangulia nusu hatua. Fimbo ikabaki inagonga chini, maana ndiyo macho yake.

Jamani, wewe ukidakwa mkono Kariakoo na usiyemjua, si utapiga yowe la mwizi? Basi na mwenzio ni hivyo hivyo. Hata kiti cha magurudumu usikisukume tu. Sema, "Kaka, nikusaidie?" Akikataa usinune, pita zako.

Siku ya Fimbo Nyeupe ni Oktoba 15. Adabu ni ya kila siku.