Jina Lile Lile, Bragg Mwingine

Februari 2025 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilirudisha jina la Fort Bragg kwenye kambi kubwa ya jeshi huko North Carolina. Tangu 1918 kambi hiyo iliitwa kwa jina la Braxton Bragg, jenerali aliyemiliki watumwa na kupigana upande wa waasi wa majimbo yaliyojitenga ili kuulinda utumwa. Mwaka 2023 jina likaondolewa kwa mujibu wa sheria ya Bunge. Sasa limerudi, na tunaambiwa Bragg wa safari hii ni Roland, askari wa Vita vya Pili vya Dunia. Huo ni ulaghai.

Watetezi wanasema Roland alikuwa shujaa, na ni kweli. Wanasema pia wanajeshi wengi wana kumbukumbu zao na jina hilo. Sawa.

Lakini tazama alivyopatikana. Alitafutwa mtu yeyote aitwaye Bragg, kwa kuwa sheria ilimkataa yule wa kwanza. Juni mwaka huo huo ikatangazwa kuwa majina mengine saba ya kambi yanarudi kwa njia hiyo hiyo. Fort A.P. Hill ilikuwa na jina la jenerali wa waasi. Akakosekana mtu mmoja wa kulijaza, wakaunganishwa watatu: Anderson kwa A, Pinn kwa P, kisha Hill. Wote walipigana upande wa Muungano, yaani serikali ya Marekani, dhidi ya waasi hao hao! Robert Pinn, mtu Mweusi aliyepata nishani ya juu kabisa ya ushujaa nchini mwake, amegeuzwa herufi moja katika jina la mpigania utumwa. Na Fort Lee? Rais Trump alipowatangazia wanajeshi alimtaja Robert E. Lee, jemadari wa waasi. Ni jeshi lililoeleza kuwa anayeenziwa ni Fitz Lee, askari Mweusi. Basi aliyesikika ni nani? Jina huishi kwa jinsi linavyosikika, na waliolidai walikuwa wakimtaka Lee wao. Wamempata.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua hila hii. Mwaka 1939 Wanazi waliita barabara moja ya Berlin Petersallee, kumuenzi Carl Peters, yule mkoloni Mjerumani aliyeitwa Mkono wa Damu kwetu. Mwaka 1986 wakuu wa mji wakatangaza kuwa Peters sasa ni Hans, mwanasheria aliyewapinga Wanazi. Jina la barabara halikubadilika hata herufi, na aliyezungumzwa aliendelea kuwa Carl. Waafrika waishio huko na wenzao hawakunyamaza, hadi Agosti 2024 kipande kimoja kikaitwa Maji-Maji-Allee, kwa kumbukumbu ya Vita vya Maji Maji, na kingine kikapewa jina la Anna Mungunda, Mnamibia aliyeuawa 1959 katika maandamano ya kupinga kuhamishwa kwa nguvu. Hapo ndipo Mkono wa Damu alipokonywa barabara.

Kama kweli nia ni Roland, waandike langoni: Fort Roland Bragg. Na Fort Lee, kambi ya Virginia, wairudishie majina ya Arthur Gregg na Charity Adams, maofisa wawili Weusi walioondolewa ili Lee arudi.