MRITHI WA MALI NI MRITHI WA DENI

Wako wakubwa wa makampuni ambao hesabu ya faida waijua barabara, lakini wakiulizwa habari ya sumu iliyomo katika ardhi yao hujibu kwamba waliikuta. Jibu hilo hatulikubali hata kidogo.

Wananchi, tazameni Bhopal, India. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984 hewa ya sumu ilitoka katika kiwanda cha dawa za wadudu cha Union Carbide, kampuni ya Kimarekani, ikaua maelfu ya watu. Hayo dunia nzima yayajua. Yasiyotajwa sana ni kwamba kiwanda kile kilikuwa kikitupa taka zake uwanjani mwake tangu kabla ya usiku ule, na sumu ikashuka mpaka kwenye maji ya visima. Mwaka 1999 watu wa Greenpeace walipima udongo na maji, wakakuta zebaki na madawa mengine mabaya, wakatangaza.

Februari 2001 kampuni ya Dow Chemical ikainunua Union Carbide nzima. Basi haikuuziwa mbuzi gizani. Hata hivyo neno lake kwa watu wa Bhopal limekuwa lile lile: kiwanda hakikuwa chake, haikukiendesha, na uwanja umo mikononi mwa serikali ya jimbo. Ni maneno ya mawakili, na huenda mahakamani yana nguvu. Mama aliyeshika ndoo kisimani yamfaa nini? Tena Wamarekani walipodai kwa ajili ya asbesto ya Union Carbide ya miaka ya nyuma, hesabu za mwaka 2002 ziliandikwa dola bilioni 2.2 za madai yao. Deni la kwao likatambuliwa, la Bhopal likakanwa! Kwetu mtu akifa madeni yake hulipwa kwanza, ndipo warithi wagawane.

Maji safi yaliamriwa na Mahakama Kuu ya India mwaka 2004. Tani 337 za taka zilihamishwa na serikali Januari 2025, miaka 40 baada ya msiba.

Wala tusiwanyoshee kidole mabepari peke yao. Mgodi wa risasi wa Kabwe, Zambia, ulianza zamani za wakoloni, ukaja kuwa mali ya taifa, ukafungwa 1994. Madini hayo yangali katika damu ya watoto wa huko. Bendera haisafishi udongo.

Kwa hiyo twadai hivi. Shirika lolote, la umma au la mgeni, likigundua sumu liliyoachiwa, lisitangulie kwa wakili. Mkubwa wake mwenyewe aende kwenye baraza la kijiji juma hilo hilo, aseme kwa Kiswahili sumu ni ipi, kisima gani kisinywewe, watoto watapimwa damu wapi, na gari la maji litafika siku gani. Kesi ya nani aliyeimwaga na iendelee hata miaka kumi, na gharama akamdai aliyemwuzia.