Linux ni ya bure, lakini ufunguo wake nani anao?

Ndugu zetu wa kambi za hapa Bunia mnaosoma habari hizi kwa simu ya jirani, leo siongei juu ya barabara wala bei ya mihogo. Naongea juu ya kompyuta. Msiondoke. Mwenye kupoteza karte yake ya uchaguzi wakati wa kukimbia anajua ya kwamba bila barua iliyopigwa vizuri kwenye mashini, na kuchapishwa, hata cheti cha kupoteza vipande hakipati kwa urahisi.

Kuna kibanda kimoja karibu na kambi ambapo kijana aliyetoka Djugu anapiga barua na kutoa fotokopi. Wafadhili walimletea kompyuta nzee mbili, zote zikiwa na Linux. Walipiga picha, wakapeana mikono, wakaenda zao. Juma la kwanza mashini ya kwanza ikagoma. Kijana anaandika neno la siri, mashini inasema si lenyewe. Anarudia, inakataa. Akina mama wamepanga mstari nje na karatasi mikononi.

Nilipofika tuligundua shida. Kibodi zetu ni za Kifaransa. Yule aliyeweka Linux alichagua kibodi ya Kiingereza. Ukibonyeza A, mashini inaandika Q. Neno la siri halionekani, ni nukta tu, basi utajuaje? Siku mbili za kazi zilipotea kwa herufi moja. Na mmoja wa wale waliozileta, tulipompigia simu, alijibu: « Hao watu hawajasoma, Linux si yao. »

Jibu hilo ndilo limenifanya niandike. Nasema hapana. Kijana yule ana diploma ya Serikali. Anatengeneza simu, anafunga plake za jua. Si mjinga. Kifaa ambacho mtu mwenye akili timamu hawezi kukifungua kimeandaliwa vibaya, na mwenye kukiandaa ndiye wa kulaumiwa.

Wengine watauliza: kwa nini tusibaki na Windows? Tuseme ukweli. Windows nyingi za mjini hapa hazikununuliwa. Zimenakiliwa kutoka flashi hadi flashi, pamoja na virusi vyake. Mimi mwenyewe nilipoteza mahojiano ya familia zilizohama, sauti za watu ambao sitawapata tena, kwa sababu flashi ya kibanda kimoja iliambukiza mashini yangu. Tena tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 imeacha kupata masasisho ya kawaida ya bure, na Windows 11 inadai vipande ambavyo kompyuta nyingi za zamani hazina. Mashini tunazoletewa hapa ni hizo za zamani. Zitupwe?

Ndiyo sababu nataka Linux ifaulu. Linus Torvalds aliianzisha mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na leo mtu yeyote anaruhusiwa kuinakili na kuigawa bila kuiba. Kuna matoleo mepesi yanayokubali mashini nzee. Unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi kabla ya kugusa kitu ndani ya kompyuta. Virusi vya Windows vilivyojaa kwenye flashi zetu kwa kawaida haviwezi kufanya kazi ndani yake. Audacity, programu ambayo sisi watu wa redio tunakatia sauti, inafanya kazi humo, na LibreOffice inapiga barua.

Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alileta toleo linaloitwa Ubuntu. Msikilizaji wa Kiswahili haitaji mkalimani: ni utu. Kwa miaka walituma CD bure kwa posta hadi nchi za mbali, mpaka mwaka 2011 walipoacha. Ule ulikuwa utu kweli, kwa sababu walifikiria mtu asiye na intaneti.

Leo je? Unafungua video ya mp4 ya harusi ya dada yako, mashini inaomba kushusha kipande kingine kutoka intaneti. Unataka kuingia intaneti, kumbe kifaa cha Wi-Fi nacho kinahitaji programu ambayo lazima uitoe intaneti. Maji unayaomba kwenye kisima, kisima kinakwambia leta maji kwanza! Masasisho ni mamia ya megabaiti, na hapa megabaiti tunazinunua kwa franga za kula. Ukiuliza msaada, unaambiwa ufungue dirisha jeusi, uandike mstari wa Kiingereza usioelewa. Ukikosea herufi, jibu nalo ni Kiingereza.

Na Kiswahili? Kiko, lakini kinaishia njiani: neno moja Kiswahili, la pili Kiingereza. Aibu hii haina sababu. Mwaka uleule wa 2004 mradi wa Kilinux, ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Njia ilishafunguliwa zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Windows 10, ambayo ni ya kulipia, iliwekewa Kiswahili, na ile inayojiita utu inatusemesha nusunusu.

Najua utetezi wao: ni kazi ya kujitolea, na cha bure hakilalamikiwi. Ndugu wa kambini, ninyi mnajua jibu. Mmepewa mahindi ya punje mara ngapi bila franga za kusaga? Mama anauza sehemu ya mahindi ili alipe kinu, na watoto wanakula kidogo. Aliyetoa alihesabu magunia, kinu hakukifikiria. Linux bila lugha, bila kibodi sahihi, bila mtu wa kuonyesha, ni mahindi bila kinu. Tunashukuru kwa gunia. Lakini tunayo haki ya kuuliza kinu kiko wapi.

Basi naomba vitu vitatu, na siombi kwa magoti.

Kwa wanaotengeneza mifumo hii: mtoe flashi iliyokamilika, yenye video, Wi-Fi na printa ndani, ili mtu asiye na intaneti afanye kazi tangu siku ya kwanza. Kabla ya neno la siri, mashini imwombe mtu abonyeze herufi chache ili ijue kibodi yake. Na onyo lolote litaje jambo la kufanya kwa maneno ya watu.

Kwa mashirika yanayoleta kompyuta: msiondoke siku ya picha. Kaeni juma mbili, mfundishe vijana wawili wa kambi, mwaachie flashi ya kuweka mfumo upya na karatasi ya maelezo kwa Kiswahili na Kifaransa. Kabla ya kuondoka, mwambieni mama mmoja aketi mbele ya mashini apige barua, ninyi mkiwa kimya. Mtaona wenyewe mahali anapokwama.

Na kwetu sisi, wanafunzi na watu wa kompyuta wa Bunia: tuache kujivunia ya kwamba tunajua dirisha jeusi. Fundi anayeficha ujuzi ili aitwe kila siku anakula jasho la mkimbizi. Programu hizi ziko wazi, tafsiri yake inakubali mkono wa yeyote. Vijana kumi wakikaa Jumamosi moja wakatafsiri maonyo yanayotokea mara nyingi, kazi hiyo itafika hata Goma, Kisangani na Lubumbashi.

Kibanda kile kinafanya kazi sasa. Tulibadilisha kibodi kwa dakika mbili. Juu ya mashini kijana amebandika karatasi kwa mkono wake, jinsi ya kuingia, kuandika, kuchapisha na kuzima. Mistari minane ya Kiswahili. Wale walioleta mashini wangeweza kuiandika kabla ya kupiga picha.