Chema Hakijiuzi

Methali moja tumeimbiwa tangu chekechea: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Walimu wanaipenda kwenye insha. Wazazi wanaipenda ukianza kulalamika. Mabosi nao wanaipenda zaidi, hasa mwisho wa mwezi. Fanya kazi yako vizuri, nyamaza, watu wataona wenyewe. Mimi nasema hawaoni, na ushahidi wangu uko jikoni kwenu.

Chukua pakiti ya unga, iwe umeinunua Makutano pale Meru au kwa duka la mtaa wenu Embu. Soma yale maandishi madogo ya ubavuni. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaosagwa viwandani uongezwe virutubisho, na kimojawapo ni asidi ya foliki. Halafu nenda kliniki ya wajawazito, kuanzia Maua hadi Siakago. Mama anapewa vidonge vya madini ya chuma pamoja na asidi hiyo hiyo, ili damu yake isipungue.

Sasa uliza mtu yeyote hapo foleni, au hata nesi, au mwalimu wako wa bayolojia: nani aliongoza timu iliyoitengeneza maabarani? Kimya.

Anaitwa Yellapragada Subbarow. Alizaliwa 1895 Bhimavaram, kusini mwa India. Akiwa mwanafunzi wa udaktari Madras alivaa nguo za khadi, kitambaa cha kusokotwa nyumbani ambacho wafuasi wa Gandhi walikivaa kuupinga ukoloni. Profesa wake Mwingereza hakupendezwa. Subbarow akamaliza masomo na kupewa cheti cha chini badala ya digrii kamili. Alikuwa pia amezika ndugu zake wawili, na maradhi ya utumbo yaliyosumbua familia yake ndiyo baadaye yalikuja kutibiwa kwa asidi ya foliki.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 akaenda Boston, akimwacha mke wake India. Hawakuonana tena. Mchana alisoma Harvard, usiku akafanya kibarua hospitalini, kumwaga na kuosha vyombo vya haja vya wagonjwa. Mwaka 1925, yeye na Cyrus Fiske wakachapisha njia ya kupima fosforasi mwilini. Mwaka 1929 wakaeleza ATP, wakati uleule ambapo Karl Lohmann aliigundua kivyake Ujerumani. Ndiyo, ATP ileile uliyokariri kwenye mada ya upumuaji wa seli. Mimi pia niliikariri, na kwenye vitabu nilivyosomea jina la Subbarow halikuwepo hata kwa mabano.

Harvard hawakumpa nafasi ya kudumu. Mwaka 1940 akahamia kampuni ya dawa ya Lederle, New York. Lucy Wills, daktari Mwingereza, alikuwa ameonyesha mapema miaka ya 1930 kwamba kuna kitu ndani ya hamira kinachoponya upungufu wa damu kwa wajawazito wa Bombay. Timu ya Subbarow ndiyo iliyokitengeneza kitu hicho, kufikia 1945. Wakaendelea hadi dawa zinazoizuia asidi hiyo isifanye kazi, na mwaka 1948 Sidney Farber akatangaza kwamba kati ya watoto 16 wenye saratani ya damu aliowapa mojawapo ya dawa hizo, 10 walipata nafuu, ingawa ya muda. Kutoka ukoo huo ikaja methotreksati, ambayo mpaka leo inatibu saratani na baridi yabisi. Maabara hiyohiyo ilitoa DEC, dawa ambayo watu wa Pwani yetu wamegawiwa kupambana na matende.

Agosti 1948 akafariki, miaka 53. India ilimtolea stempu mwaka 1995.

Najua jibu litakalokuja: si alikuwa mnyenyekevu? Si hakupenda kujitangaza? Kweli, hakukimbilia kamera. Lakini wacha tuwe wakweli. Mtu aliyenyimwa digrii kwa sababu ya shati, kisha akanyimwa kazi ya kudumu, anajifunza upesi kwamba kelele zina gharama. Unyenyekevu ulikuwa wake. Usahaulifu ni wetu, na tusiutumie wema wa marehemu kuufunika.

Na sisi hapa tunafanya vilevile. Mwaka 1984, karibu na Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu kilichotufikisha kwenye mifupa ya Kijana wa Turkana, mwenye umri wa takriban miaka milioni 1.5. Richard Leakey mwenyewe alimtaja Kimeu waziwazi. Lakini uliza kijana yeyote ni nani aliyevumbua mabaki ya binadamu wa kale Kenya. Atakwambia Leakey, nukta.

Mimi nimewahi kuajiriwa kibarua cha kukusanya sampuli za udongo upande wa Mbeere. Tulikuwa vijana sita. Sisi ndio tulijua shamba lipi lilipigwa mbolea juzi, kwa hivyo likichotwa leo litadanganya. Tuliliruka na kuandika sababu. Ripoti ilipotoka ilikuwa na majina ya watu wanne, na wawili kati yao hawakuwahi kukanyaga lile vumbi. Sisi tuliitwa "wasaidizi wa eneo". Nilipouliza, niliambiwa, kwa upole kabisa, kwamba kazi nzuri hujiuza.

Inajiuza, sawa. Swali ni nani anapokea pesa.

Tena kuna hili: wengi wetu hapa Mlimani tukisikia "Muhindi" tunaona kaunta ya duka na mashine ya hesabu. Hiyo ndiyo picha tuliyopewa, na tumeibeba bila kuikagua. Kumbe Mhindi mmoja, ambaye hakuwahi kuuza hata msumari Meru mjini, amekuwa ndani ya chapati zetu miaka yote hii.

Kwa hivyo sitaki sanamu. Nataka vitabu vya shule viweke jina la mtu kando ya ATP. Nataka vyuo vyetu, hapa Embu na kule Meru, viandike kwenye kila utafiti majina ya waliochimba, waliopima na waliotafsiri kutoka Kiembu na Kimeru. Na wewe unayesoma hii kwa simu ukiwa kwenye matatu: ukipewa kibarua cha aina hiyo, uliza kabla hujashika jembe jina lako litaandikwa wapi. Wakikujibu kwamba chema chajiuza, waambie wakuonyeshe risiti.