Kufunga Kinywa Si Kufundisha Kusema

Kuna neno moja linalorudiwa na watu wenye elimu, na sisi tumechoka kulisikia. Wanasema: «Mwandishi akibanwa na serikali, anaandika vizuri zaidi. Tazameni Warusi! Wamekaguliwa tangu zamani, na michezo yao ya kuigiza inasifiwa duniani kote. Hata mkahawa ukikatwa matawi huzaa sana.»

Neno hilo ni la uwongo, tena ni la hatari. Mkulima anakata matawi kwa sababu anataka matunda. Mkaguzi wa serikali anataka nini? Anataka kimya.

Tuanze zamani, maana ugonjwa huu haukuletwa na Wakomunisti. Pushkin alimaliza mchezo wake «Boris Godunov» mwaka 1825. Ni habari ya mfalme anayesumbuliwa na damu ya mtoto. Wakaguzi walikataa usichezwe. Ukachezwa mara ya kwanza mwaka 1870, na Pushkin alikuwa amekufa tangu mwaka 1837. Je, miaka ile 45 ilimfundisha nini? Maiti hafundishwi.

Wakomunisti walipokwisha kushika utawala, wakaweka, mwaka 1923, ofisi ya kukagua michezo yote. Mikhail Bulgakov aliona michezo yake imezuiwa yote mwaka 1929. Mwaka uliofuata aliiandikia serikali: niacheni nitoke katika nchi, au nipeni kazi. Stalin mwenyewe akampigia simu, na Bulgakov akapata kazi katika jumba kubwa la michezo la Moscow. Wengine husema: «Kumbe Stalin alikuwa na huruma!» Huruma gani? Alimpa mshahara, hakumrudishia kinywa. Mchezo mmoja wa zamani uliruhusiwa tena mwaka 1932. Lakini mchezo wake juu ya Molière, uliotayarishwa karibu miaka minne, ulichezwa mara 7 tu mwaka 1936, ukaondolewa. Bulgakov akafa mwaka 1940. Kitabu chake kikubwa kilianza kutolewa katika gazeti mwaka 1966, tena kimekatwa hapa na pale.

Na Vsevolod Meyerhold je? Alikuwa mwongozaji mkubwa wa michezo, na hapo mwanzo aliwaunga mkono Wakomunisti kwa moyo wote. Wakafunga jumba lake Januari 1938. Mwaka 1939 wakamkamata, mzee wa miaka 65, wakampiga mpaka akakiri uongo. Tarehe 2 Februari 1940 wakamwua kwa risasi. Mwaka 1955 mahakama ikasema kwamba hakuwa na kosa. Asante ya nini? Mchezo haukai sandukuni kama kitabu. Mwongozaji akiuawa, michezo aliyokuwa bado kuitengeneza inazikwa pamoja naye.

Hapo ndipo wasifu wa wakaguzi wanapokosea hesabu. Wanahesabu miti michache iliyopona motoni, halafu wanausifu moto. Nani atahesabu mbegu zilizoungua? Nani atahesabu waandishi walioogopa, wakavunja kalamu wenyewe kabla mkaguzi hajabisha mlango?

Wengine watajibu: «Hayo yalikuwa ya Stalin, yamekwisha.» Hayajaisha. Svetlana Petriychuk aliandika mchezo juu ya wanawake wa Urusi waliodanganywa kwa njia ya intaneti, wakavutwa kuolewa na wapiganaji wa Siria. Zhenya Berkovich akauongoza. Mwaka 2022 mchezo huo ulipata zawadi ya «Kinyago cha Dhahabu», heshima kubwa ya michezo katika Urusi. Mei 2023 wanawake hao wawili wakakamatwa, eti wanatetea ugaidi. Julai 2024 mahakama ya kijeshi ikawahukumu kila mmoja miaka 6. Katika rufaa kifungo kilipunguzwa kidogo tu.

Tazameni ajabu: mchezo unaowaonya wasichana wasidanganywe, unaitwa mtego wa kuwadanganya! Na tena: mchezo ulichezwa mbele ya watu wote, lakini mahakama iliamuru kesi isikilizwe milango imefungwa. Basi, nani anaogopa kuonekana? Aliyesimama jukwaani penye taa, au aliyefunga mlango?

Kila mkaguzi hujitetea kwamba anawalinda watu. Sisi tunasema: anajilinda mwenyewe. Watu wa Moscow walioketi kuutazama mchezo ule hawakuomba walindwe. Walinunua tiketi.

Kwa hiyo, tukiwasifu Warusi kwa michezo yao, na tuwasifu walioiandika na kuicheza. Mkaguzi asipewe hata punje ya sifa hiyo. Waliimba ingawa koo lilibanwa, na mwenye kubana koo hajawa mwalimu wa kuimba.