Bunduki Ndogo Ikikataa Kulia

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima, na maneno hayo yamfaa hata yule anayejifunza kulenga shabaha. Huko Marekani, mtu anayeanza hununua kwanza bunduki ndogo ya .22 ya bei nafuu. Mojawapo iliyopendwa sana ni Marlin Model 60, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1960 na kununuliwa kwa mamilioni. Lakini baada ya siku chache mwenyewe huanza kulalamika: mara haikulia, mara imekwama, mara haipigi mahali ilipolengwa. Hukata shauri kwamba ameuziwa kitu kibovu. Mara nyingi kosa si la bunduki. Tena saa ya hatari kubwa ni ile inapokataa kufanya kazi.

Kwanza yafaa kuijua risasi yenyewe. Risasi ya .22 Long Rifle, iliyotokea mwaka 1887, haina fataki katikati ya kitako chake kama zilivyo risasi kubwa. Dawa ya kuwashia baruti imetandazwa ndani ya ukingo wa ganda, na chuma cha kugongea huuponda ukingo huo. Dawa isipoenea sawasawa, huenda pale palipogongwa pakawa patupu. Ndiyo sababu risasi za namna hii, hasa za bei ya chini, hukataa mara nyingi zaidi kuliko zile zenye fataki ya katikati.

Basi ukivuta mtambo usisikie mlio, usifungue bunduki upesi. Iache imeelekea mahali salama, uhesabu taratibu mpaka sekunde 30 zipite, kwa kuwa baruti yaweza kuchelewa kushika moto. Ganda likipasuka nje ya chemba, vipande vyake vyaweza kukupofusha. Kisha toa risasi hiyo na utazame ukingo wake. Alama ikiwa imeingia vizuri, yaelekea lawama ni ya risasi. Ikiwa ni hafifu, yamkini masizi na mafuta yaliyoganda yanakizuia chuma cha kugongea, au kamani yake imechoka.

Jambo baya zaidi ni mlio mdogo usio wa kawaida. Huenda kichwa cha risasi kimetoka katika ganda kikabaki ndani ya mtutu. Ukipiga nyingine nyuma yake, mtutu waweza kupasuka mikononi mwako. Acha palepale, toa risasi zote, kisha uhakikishe kwa ufito wa kusafishia kwamba njia i wazi. Ukiona imezibwa, mpelekee fundi wa bunduki.

Na kukwama je? Model 60 hujipakia yenyewe, na nguvu ya ganda linaposukumwa nyuma ndiyo inayorudisha bolti. Risasi dhaifu haiwezi kuirudisha mpaka mwisho, kwa hiyo ganda hubanwa mlangoni. Jaribu risasi za mwendo mkali, zile za futi 1,200 hivi kwa sekunde, ikiwa kitabu cha mtengenezaji kinaziruhusu. Kisha tazama usafi. Risasi hizi hupakwa nta au mafuta kwa nje, nayo huchanganyika na masizi yakawa kama lami. Sugua chemba, uso wa bolti na ukucha unaovuta ganda. Mafuta yawe matone machache tu, kwa maana yakizidi hushika vumbi, na taabu hurudi ileile.

Bunduki isipopiga mahali palipolengwa, shika bisibisi kabla ya kushika lawama. Skrubu za kuunganisha mtutu na ubao, na zile za darubini, hulegea. Zikiwa zimekazwa barabara, weka bunduki juu ya mfuko wa mchanga, upige risasi tano za aina moja, kisha tano za aina nyingine, kwa umbali uleule. Utashangaa kuona kwamba bunduki ileile hutawanya aina moja na kukusanya nyingine.

Jihadhari pia na mambo mawili. Usivute mtambo ovyo chemba ikiwa tupu, isipokuwa kitabu cha mtengenezaji kimeruhusu, kwa sababu chuma cha kugongea chaweza kuponda mdomo wa chemba. Tena, risasi za Model 60 hukaa katika bomba lililo chini ya mtutu, na moja yaweza kusalia humo bila kuonekana. Kabla ya kuisafisha, toa bomba la ndani, vuta bolti mara kadhaa, kisha utazame chemba kwa macho na kuipapasa kwa kidole.

Kwetu Kenya hapana ruhusa ya kuwa na bunduki bila cheti cha silaha, na mwenye kuvunja sheria hiyo hupata adhabu kali. Lakini awe Nakuru au awe Texas, mwenye silaha sharti akumbuke kwamba risasi hii, ijapokuwa nyembamba kuliko kalamu, yaweza kwenda zaidi ya maili moja na kumwua mtu. Asiye na subira ya kuhesabu sekunde 30 heri aiache bunduki dukani.