Mpiga fidla na tundu la sindano

Hagop Sandaldjian hutajwa kila mara kama fundi wa maajabu wa sanamu ndogo mno, halafu fidla yake inapewa sentensi moja, kana kwamba ilikuwa ya kupitishia muda. Kwangu mimi fidla ndiyo iliyoutengeneza mkono wake. Mwarmenia huyu aliyezaliwa Alexandria, Misri, mwaka 1931, alikuwa mwanamuziki aliyechunguza kwa makini namna mwili unavyojipanga mtu anapopiga. Sanaa yenyewe aliipata kwa Edward Kazarian kule Yerevan, na mwaka 1980 akahamia Los Angeles.

Hebu fikiria: brashi yake ilikuwa unywele mmoja uliochongwa ncha. Alifanya kazi usiku, magari yakipungua barabarani yasitikise meza, na mkono aliusogeza katikati ya pigo moja la moyo na jingine. Akipiga chafya tu, kazi ya miezi imepeperuka! Humo ndani ya tundu la sindano aliwasimamisha Napoleon, Papa Yohane Paulo wa Pili, hata Goofy wa katuni. (Sisi tulishindwa na ngamia tu.)

Kazi zake zinatazamwa kwa hadubini katika Museum of Jurassic Technology, Los Angeles. Jumba lile linapenda kuchanganya ya kweli na ya kutia shaka, kwa hiyo wapo wageni wanaotoka wakidhani naye ni wa kubuniwa. Hilo linaniudhi kidogo. Alifariki mwaka 1990, na angalau kibao kimoja kingesema waziwazi kwamba huyu alikuwa mtu kweli.